Viwango vya nyaya za simu ya mezani

Viwango vya nyaya za simu ya mezani ni kanuni zinazoeleza jinsi simu ya waya inavyounganishwa na mtambo wa simu: unene wa waya, rangi zake, umbo la plagi na soketi, volti inayopita, na namna kengele inavyolizwa. Kanuni hizo hutofautiana kati ya nchi na nchi, ingawa kazi ya msingi ni ileile kila mahali, yaani sauti hupita katika jozi moja ya waya wa shaba. Kwa sababu ya tofauti hizo, simu iliyonunuliwa Uingereza, Marekani au Ujerumani inaweza kukataa kuingia kwenye soketi ya Tanzania, au ikaingia na kupiga vizuri lakini isilie inapopigiwa.

Neno "simu" lenyewe linatokana na neno la Kiajemi "sim", lenye maana ya waya. Zamani lilitumika kwa telegrafu pia. Ndiyo maana telegramu iliitwa "simu ya maandishi". Mawasiliano ya redio yaliyotumiwa na ofisi za wilaya, misheni na vituo vya polisi yaliitwa "simu ya upepo", kwa kuwa hayakuhitaji waya.

Jinsi jozi ya waya inavyofanya kazi

Kila mteja wa simu ya mezani huunganishwa na mtambo wa simu kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kusokota kunapunguza makelele kutoka nyaya za umeme na kutoka jozi za jirani, kwa sababu kelele inayoingia katika waya mmoja huingia kwa kiasi kilekile katika waya wa pili, na hivyo hufutika. Kwenye laini za juu ya nguzo, ambako nyaya hazisokotwi, mafundi huzibadilishia nafasi kila baada ya umbali fulani ili kupata matokeo hayohayo.

Mtambo hutoa mkondo mnyoofu wa takriban volti 48 kutoka kwenye betri zake. Katika nchi nyingi upande chanya wa betri huunganishwa na ardhi, na waya wa pili hubaki hasi. Mpangilio huu una sababu: unyevu unapoingia kwenye kebo, shaba yenye chaji chanya huliwa haraka na mmomonyoko wa kikemikali, ilhali yenye chaji hasi hudumu.

Mkono wa simu ukiwa umewekwa mahali pake, mkondo haupiti. Ukiinuliwa, swichi hufunga sakiti, mkondo wa makumi machache ya miliampea hupita, na mtambo hutambua kwamba mteja anataka kupiga. Simu inapopigiwa, mtambo hutuma mkondo geu wa takriban volti 75 hadi 90 ili kuliza kengele. Mkondo huo huweza kumshtua mtu anayeshika nyaya zilizo wazi. Kwa hiyo laini ya simu haichezewi ovyo, hata kama kwa kawaida inaonekana haina nguvu.

Kwa kuwa umeme wa simu hutoka kwenye betri za mtambo, simu ya kawaida ya waya huendelea kufanya kazi umeme wa nyumbani unapokatika. Simu isiyo na kamba, ambayo kituo chake huchomekwa ukutani, haina faida hiyo.

Asili ya tofauti kati ya nchi

Alexander Graham Bell alipewa hataza ya simu mwaka 1876 nchini Marekani. Baada ya hapo kila nchi ilijenga mtandao wake, mara nyingi chini ya shirika moja la serikali au kampuni moja kubwa. Shirika hilo lilimiliki waya na simu yenyewe; mteja alikodisha tu. Fundi alikuja nyumbani, akaifunga simu kwa skrubu kwenye kisanduku kidogo ukutani, na mteja hakuruhusiwa kuigusa. Plagi haikuwa na umuhimu, na hapakuwa na sababu ya nchi mbili kutumia umbo moja.

Shirika la kimataifa lilikuwapo tangu mwaka 1865, Umoja wa Kimataifa wa Telegrafu ulipoanzishwa Paris. Umoja huo, ambao sasa ni Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu (ITU), ulisimamia zaidi jinsi nchi zinavyounganishwa: namba za nchi, ubora wa sauti na malipo. Waya uliomo ndani ya nyumba uliachiwa kila nchi.

Plagi zilianza kuwa jambo kubwa pale wateja waliporuhusiwa kununua simu zao wenyewe. Nchini Marekani uamuzi wa mwaka 1968 katika kesi ya Carterfone ulifungua njia, na katika miaka ya 1970 serikali iliweka orodha ya soketi zilizosajiliwa. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1981, huduma ya simu ilipotenganishwa na posta. Kila nchi ilichagua umbo lake wakati wake, na tofauti zikabaki.

Plagi na soketi

Marekani. Plagi inayojulikana zaidi duniani ni RJ11, ndogo, ya plastiki angavu, yenye kishikizo kinachobonyezwa. Ina nafasi sita, lakini laini moja hutumia nyaya mbili za katikati tu. Katika nyaya za zamani za nyumbani rangi zake ni kijani na nyekundu. Jozi ya pili, nyeusi na njano, hutumika kwa laini ya pili. Kanada, Japani na nchi nyingine nyingi zinatumia umbo hili.

Uingereza. Plagi ya Kiingereza ni pana kidogo, na kishikizo chake kiko ubavuni. Laini huingia kwenye miguu ya 2 na 5, na mguu wa 3 hubeba waya wa kengele. Soketi ya kwanza ndani ya nyumba huitwa soketi kuu. Ndani yake mna kapasita ya mikrofaradi 1.8, rezista na kizuia radi. Soketi nyingine za nyumba hiyo hazina vitu hivyo, bali huunganishwa na soketi kuu.

Ujerumani. Soketi ya TAE ina aina mbili za ufunguo: F kwa simu, na N kwa vifaa vingine kama faksi, modemu na mashine ya kupokea ujumbe. Plagi ya F haiingii kwenye tundu la N. Kifaa cha N hukaa kabla ya simu, na kinaweza kuikata simu kinapotumia laini, ili mazungumzo na data visigongane.

Ufaransa. Plagi ya zamani ina umbo la herufi T na miguu minane. Baadhi hutengenezwa zikiwa na soketi mgongoni ili plagi nyingine ichomekwe juu yake. Nyumba mpya hutumia soketi ya RJ45, ileile ya mtandao wa kompyuta.

Italia, Ubelgiji, Uswisi, Sweden na Australia nazo zilikuwa na plagi zao, nyingine zenye miguu mitatu na nyingine minne. Nyingi kati ya hizo zimeachwa au zinatumika pamoja na RJ11.

Plagi kuingia vizuri hakuhakikishi kwamba simu itafanya kazi. Kamba za simu za Kiingereza zina upande mmoja wa plagi ya Kiingereza na upande wa pili wa plagi ndogo kama RJ11. Katika baadhi ya kamba hizo laini hufika kwenye nyaya mbili za katikati, na katika nyingine hufika kwenye nyaya za pembeni. Kamba ya simu moja ikihamishiwa kwenye modemu inaweza kukaa sawasawa, lakini modemu ikabaki kimya. Wengi hudhani kifaa kimeungua, kumbe kamba ndiyo isiyolingana.

Waya wa kengele

Tofauti inayoleta matatizo mengi zaidi ni ya kengele. Kengele hulizwa na mkondo geu, na kapasita hutumika kuuruhusu mkondo geu upite huku ikiuzuia mkondo mnyoofu. Nchini Marekani kapasita imo ndani ya kila simu, kwa hiyo nyaya mbili zinatosha. Nchini Uingereza kapasita iliwekwa kwenye soketi kuu, na waya wa tatu ukapeleka mkondo wa kengele kwenye simu zote za nyumba.

Matokeo yake, simu ya Kiingereza ya aina ya zamani ikichomekwa kwenye soketi yenye nyaya mbili hupiga, husikika na huzungumza, lakini hailii. Tiba yake ni adapta yenye kapasita ndani yake, wala si adapta ya kubadilisha umbo la plagi tu. Simu nyingi za kisasa za kielektroniki zina kapasita yake na hazina shida hiyo.

Waya wa kengele una kasoro nyingine. Kwa kuwa haukusokotwa na mwenzake, hunasa makelele kama antena. Intaneti ya ADSL ilipoingia, ilionekana kwamba kuutenganisha waya huo katika nyumba za Uingereza kuliweza kuongeza kasi ya intaneti.

Idadi ya mitetemo ya mkondo wa kengele pia hutofautiana. Amerika ya Kaskazini hutumia hezi 20, Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya hezi 25, na Japani hezi 16. Kengele ya chuma iliyotengenezwa kwa hezi moja inaweza kulia kwa unyonge inapopewa nyingine.

Unene wa waya na umbali

Nchi zinazotumia mita hupima waya wa simu kwa kipenyo cha milimita, kwa kawaida 0.4, 0.5, 0.6 au 0.9. Marekani hutumia namba za kipimo cha AWG, ambapo namba kubwa ni waya mwembamba: namba 24 ni karibu milimita 0.5, na namba 26 ni karibu milimita 0.4. Fundi anayeagiza waya kwa namba bila kuuliza kipimo kilichotumika anaweza kuletewa waya usiofaa.

Unene huamua umbali ambao simu inaweza kufika, kwa sababu waya mwembamba una ukinzani mkubwa. Jozi ya shaba ya milimita 0.4 ina ukinzani wa takriban omu 280 kwa kila kilomita, kwenda na kurudi. Jozi ya milimita 0.5 ina omu 180 hivi, na ya milimita 0.9 ina omu 55 hivi. Ikiwa mtambo unakubali ukinzani wa omu 1,000 kwenye laini, mteja anaweza kuwa mbali kiasi kifuatacho:

- waya wa milimita 0.4: takriban kilomita 3.5
- waya wa milimita 0.5: takriban kilomita 5.5
- waya wa milimita 0.9: takriban kilomita 18

Lakini waya wa milimita 0.9 unatumia shaba mara tano zaidi ya waya wa milimita 0.4 kwa urefu uleule. Hesabu hii ndogo inaeleza kwa nini simu ya mezani ilienea mijini na kuishia karibu na mtambo. Mkoa wa Singida una eneo la takriban kilomita za mraba 49,000, na kutoka mji wa Singida hadi Manyoni ni zaidi ya kilomita 100. Kijiji chenye wateja wawili au watatu, kilomita 30 kutoka mtambo, kingehitaji shaba nyingi isiyoweza kulipwa kwa ada yao.

Njia mojawapo ya kurefusha laini ni kuweka koili kila baada ya kilomita 1.8 hivi ili sauti isififie. Koili hizo husaidia sauti, lakini huzuia intaneti ya ADSL, hivyo hazina budi kuondolewa kabla laini haijatumika kwa data.

Kupiga namba na milio

Simu za kuzungusha hutuma namba kwa kukata mkondo mara nyingi: kwa kawaida 1 ni kukata mara moja, 9 mara tisa, na 0 mara kumi. New Zealand ilipanga namba kinyume, kwa hiyo 1 ilikata mkondo mara tisa. Ndiyo maana namba ya dharura ya Uingereza ni 999 na ya New Zealand ni 111: ndani ya mtambo zote mbili zilikuwa jambo lilelile. Nchini Sweden, 0 ilikata mara moja na 1 mara mbili. Simu iliyohamishwa kutoka nchi hizo ingepiga namba isiyokusudiwa.

Mlio wa kuita nao una sura yake. Uingereza na nchi nyingi zilizokuwa chini yake hutumia milio miwili mifupi kisha kimya cha sekunde 2. Marekani hutumia mlio mmoja wa sekunde 2 na kimya cha sekunde 4. Ujerumani hutumia mlio wa sekunde 1 na kimya cha sekunde 4.

Afrika Mashariki

Kenya, Uganda na Tanzania zilijengewa simu kwa desturi za Uingereza, na kwa muda mrefu zilikuwa na shirika moja. Chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967, Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilikuwa na makao makuu Kampala. Vifaa, mafunzo na taratibu za mafundi zilikuwa za pamoja. Alama ya ushirikiano huo imebaki katika namba: kutoka Tanzania mtu aliweza kupiga Kenya kwa kuanza na 005 na Uganda kwa kuanza na 006, bila kutumia namba za kimataifa 254 na 256. Nchi jirani za Rwanda, Burundi na Kongo zilipita njia nyingine, kwa kuwa zilirithi desturi za Ubelgiji.

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi iliunda shirika lake. Tanzania ilikuwa na Shirika la Posta na Simu Tanzania hadi lilipogawanywa. Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL) ilianza kazi mwaka 1994, ikitengana na posta. Sheria ya mwaka 2017 iliigeuza kuwa Shirika la Mawasiliano Tanzania. Usimamizi wa viwango uko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Kwa mujibu wa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, vifaa vya mawasiliano huidhinishwa na mamlaka hiyo kabla ya kuuzwa au kuunganishwa na mtandao.

Katika majengo ya zamani ya Tanzania, simu ilifungwa kwa skrubu kwenye kisanduku cha ukutani. Baadaye vilikuja vifaa vyenye plagi ya Kiingereza na vingine vyenye RJ11, kutegemea nchi vilikotengenezwa, na zote mbili huweza kukutwa hata katika jengo moja. Fundi makini huangalia kwanza nyaya zilizo nyuma ya soketi, si umbo la soketi.

Mkoa wa Singida unatumia namba ya eneo 026, pamoja na Dodoma, Iringa na Tabora. Manyoni na Itigi ziko kwenye Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, na nyaya za telegrafu zilifuata reli.

Radi na waya wa ethi

Laini ndefu ya juu ya nguzo huvutia radi. Viwango vya nchi nyingi hutaka kizuia radi kiwekwe pale laini inapoingia ndani ya jengo, kikiunganishwa na fimbo ya chuma iliyochimbiwa ardhini, yaani ethi. Kizuia radi kisicho na ethi nzuri hakina kazi, kwa kuwa umeme wa radi hukosa njia ya kushuka na hupita kwenye simu.

Kiwango kilichoandikwa katika nchi yenye udongo wenye unyevu mwaka mzima hakifai moja kwa moja kwa Singida. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na sehemu nyingi zina mawe makubwa ya matale karibu na uso wa ardhi. Udongo mkavu na mwamba hupitisha umeme kwa shida. Hatari ni kubwa zaidi mvua zinapoanza, kwa sababu radi huja wakati ardhi ya chini bado ni kavu kwa kiangazi cha miezi mingi. Hapo fimbo moja fupi haitoshi: mafundi hutumia fimbo kadhaa zilizounganishwa, au huchimba shimo refu na kulijaza mkaa na chumvi na kulimwagia maji.

Kandokando ya maziwa ya Singidani na Kindai hali ni kinyume. Udongo wenye chumvi hupitisha umeme vizuri, lakini hula chuma na viungo vya shaba upesi, kwa hiyo fimbo na viungo havina budi kukaguliwa mara kwa mara.

Kutumia simu kutoka nchi nyingine

Mtu anayeleta simu ya mezani kutoka ng'ambo anapaswa kuangalia mambo yafuatayo:

- Kama kifaa kimeidhinishwa na TCRA.
- Kama simu inahitaji waya wa tatu ili ilie.
- Kama kamba inatumia nyaya za katikati au za pembeni.
- Kama chaja inakubali volti 230. Chaja ya Marekani iliyoandikwa volti 120 pekee huungua nchini Tanzania.
- Kama ni simu isiyo na kamba, inatumia masafa gani. Simu za Marekani za DECT 6.0 hutumia megahezi 1920 hadi 1930, na za Ulaya megahezi 1880 hadi 1900. Za Marekani zinaweza kuingilia masafa ya simu za mkononi katika nchi nyingine.

Baada ya waya wa shaba

Simu za mkononi, gharama za shaba na wizi wa nyaya zimepunguza sana laini za mezani nchini Tanzania. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza mwaka 2009, na Singida ni miongoni mwa miji ambayo mkongo huo unapita. Badala ya shaba, nyuzi za kioo hubeba sauti na data pamoja, na hazina thamani kwa mwizi anayetafuta chuma chakavu.

Mahali ambapo faiba imefika nyumbani, simu ya mezani huchomekwa kwenye kisanduku cha intaneti chenye tundu la RJ11. Kisanduku hicho huiga kazi za mtambo wa zamani: hutoa volti, huliza kengele na kutambua mkono wa simu ulipoinuliwa. Tofauti za nchi na nchi sasa huwekwa kama chaguo katika programu yake, lakini tofauti ya waya wa kengele hubaki kwa simu za zamani. Kisanduku hutegemea umeme wa nyumba. Umeme ukikatika bila betri ya akiba, simu nayo hunyamaza, jambo ambalo halikutokea kwa laini ya shaba. Kwa hiyo zahanati, shule na ofisi zinazotegemea simu ya mezani wakati wa dharura huhitaji betri ya akiba pamoja na laini mpya.